Michoro ya Skrini Pana Katika Kioo cha Nne kwa Tatu: Maswali na Majibu

Michoro jongefu, yaani maandishi, nembo, ramani na maumbo yanayotembea juu ya kioo ili kutambulisha kipindi, kutaja jina la mzungumzaji au kufungua taarifa ya habari, siku hizi hutengenezwa karibu yote kwa umbo la skrini pana, lakini si yote hutazamwa kwa umbo hilo. Majibu yanayofuata yanahusu kazi ya kuihamisha michoro hiyo hadi umbo la zamani la runinga, hasa katika nchi zilizorithi mfumo wa runinga ya analojia uitwao PAL, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Yanashikilia hoja moja ambayo husahaulika kwa urahisi pale kazi inapotakiwa upesi: mchoro si picha ya kamera, na kwa hiyo haustahili kukatwa wala kubanwa kama picha ya kamera ilhali vipande vyake bado vinaweza kupangwa upya.

Uwiano wa pande ni nini, na kwa nini kuna maumbo mawili yanayogongana?

Uwiano wa pande ni upana wa picha ukilinganishwa na kimo chake. Picha ya 4:3 ina sehemu nne za upana kwa sehemu tatu za kimo, yaani upana wake ni mara 1.33 ya kimo, na picha ya 16:9 ina upana unaokaribia mara 1.78 ya kimo. Umbo la kwanza lilitokana na filamu ya milimita 35 ya mwishoni mwa karne ya 19, pale W. K. L. Dickson, aliyefanya kazi katika maabara ya Thomas Edison, alipoipa kila fremu kimo cha matundu manne ya ukingo wa filamu, na runinga ilipokuja ikalichukua umbo hilo kama lilivyo. Sinema, iliyoona watazamaji wake wakibaki nyumbani mbele ya runinga, ilijipanua katika miaka ya 1950 hadi kufikia uwiano wa 2.35 na zaidi. Ndipo katika miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani Kerns Powers, akitafuta umbo la runinga mpya litakaloyabeba maumbo yote hayo kwa hasara ndogo, alipochora mistatili ya uwiano tofauti yenye eneo sawa, akaipandanisha, akaona kwamba mstatili wa ndani unaoshirikiwa na yote na ule wa nje unaoizunguka yote ina uwiano mmoja, karibu 1.77. Kwa hiyo 16:9 ni suluhu iliyopatikana kwa hesabu, na yeyote anayelalamika kwamba haitoshei vizuri kazi za zamani wala sinema pana anailaumu kwa jambo ambalo ilibuniwa kulikubali.

Je, ubora wa kawaida na umbo la 4:3 ni kitu kimoja?

La. Ubora wa kawaida unahusu idadi ya mistari na pikseli, yaani vitone vidogo vinavyojenga picha, ilhali 4:3 inahusu umbo. Fremu ya PAL ya ubora wa kawaida ina pikseli 720 kwa mistari 576, na fremu hiyohiyo inaweza kubeba picha ya 4:3 au ya 16:9, kutegemea runinga imeambiwa iinyooshe kiasi gani. Mteja anayeagiza “toleo la ubora wa kawaida” bila kutaja umbo amesema nusu tu ya anachotaka, na ni heri fundi amuulize kabla ya kugusa chochote.

Kwa nini kazi hii bado ipo wakati runinga bapa zimeenea?

Kwa sababu kuhama kwa mawimbi hakukuwa kuhama kwa vioo. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofuata mwaka 2015, wenye runinga za chogo hawakulazimika kuzitupa. Walinunua king'amuzi, wakakiunganisha kwa waya wa vichwa vitatu, wa njano, mwekundu na mweupe, na picha iliyotumwa ikiwa pana ikaingia katika kioo cha 4:3 kwa njia ambayo king'amuzi chenyewe kiliamua. Zaidi ya hayo, hifadhi za video za vituo, diski za DVD na vipindi vya zamani vinavyoongezewa utambulisho mpya viko katika umbo hilo, na mchoro unaowekwa juu yake hauna budi kulifuata.

Zipo njia zipi za kuipeleka picha ya 16:9 katika 4:3?

Njia ya kwanza hulinda upana wote na kuacha mikanda myeusi juu na chini. Katika mistari 576 ya PAL, picha hubaki na mistari 432, na 72 hupotea juu na 72 chini. Hakuna kinachokatwa, lakini kila kitu hupungua: herufi yenye kimo cha pikseli 40 katika fremu ya 1920 kwa 1080 hubaki na mistari 16 tu, ambayo kwa mtazamaji aliyekaa upande wa pili wa sebule ni karibu na kutosomeka.

Njia ya pili hukijaza kioo kwa kukata pande. Kati ya pikseli 1920 za upana hubakizwa 1440 za katikati, na 240 hutupwa kila upande, yaani robo nzima ya picha. Herufi iliyotajwa sasa hupata mistari 21, ambayo ni nafuu, ila huenda herufi yenyewe isiwepo. Mfano wa kawaida ni ukanda wa chini unaotaja jina na cheo. Ikiwa maandishi yake yanaanzia pikseli ya 96 kutoka kushoto, kama kanuni za skrini pana zinavyoruhusu, na kila herufi ina upana wa pikseli 36 hivi, basi pikseli 144 za mwanzo wa mstari huangukia nje ya ukato, na neno MKURUGENZI humfikia mwenye runinga ya chogo likiwa UGENZI.

Njia ya tatu ni ya katikati: picha hukatwa kidogo hadi 14:9, yaani pikseli 120 kila upande, na kuachiwa mikanda myembamba ya mistari 41 hivi juu na chini. BBC iliitumia kwa watazamaji wake wa analojia tangu matangazo ya dijitali ya skrini pana yalipoanza Uingereza mwaka 1998, na watengenezaji wa vipindi wakatakiwa kuyaweka mambo muhimu ndani ya eneo hilo. Kwa picha ya kamera ni njia ya busara. Kwa mchoro ni njia ya mtu ambaye hana faili la asili.

Ya nne ni kuibana picha nzima mpaka itoshee, watu wakawa warefu wembamba na duara likawa yai. Hiyo si njia ya kugeuza umbo. Kubana kunakubalika pale tu runinga inapojua kwamba picha imebanwa na itainyoosha tena, kama ifanyavyo kwa diski nyingi za DVD.

Inasemekana pikseli za runinga si mraba. Maana yake ni nini, na kwa nini hesabu zake hutatanisha?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo panahitaji utulivu. Ukigawanya 720 kwa 576 unapata 1.25, si 1.33, na hiyo ina maana kwamba ikiwa kila pikseli ni mraba, fremu ya PAL haiwezi kuwa 4:3. Sababu ni ya kihistoria: kanuni ya kimataifa ijulikanayo leo kama BT.601, iliyopitishwa mwaka 1982, ilichagua kupima kila mstari wa picha kwa kasi moja ya megahezi 13.5, ili vifaa vya mfumo wa Ulaya wenye mistari 625 na vya Marekani wenye mistari 525 vigawane teknolojia moja, na vyote viwili vikapata vipimo 720 kwa kila mstari. Umbo la pikseli lilikuwa matokeo tu ya uamuzi huo. Katika PAL ya 4:3 pikseli ilitokea kuwa pana kuliko kimo chake, na katika mfumo wa Marekani ikatokea kuwa nyembamba, karibu 0.91.

Upana huo wa PAL ni kiasi gani? Jibu la haraka ni kwamba 576 ikizidishwa kwa 4 na kugawanywa kwa 3 ni 768, na 768 ikigawanywa kwa 720 ni 1.07 hivi. Jibu hilo lilitumika katika programu nyingi kwa miaka, nalo si sahihi, kwa sababu pikseli zote 720 hazimo ndani ya picha ya 4:3. Mstari wa analojia wa PAL hubeba picha kwa mikrosekunde 52, na 52 zikizidishwa kwa 13.5 hutoa vipimo 702. Vile 18 vinavyobaki ni akiba ya pembeni, tisa kila upande. Ukitumia 702 badala ya 720, pikseli hupata upana wa mara 1.09 ya kimo chake, na ile ya PAL ya skrini pana hupata 1.46. Kampuni ya Adobe ilizirekebisha namba hizi katika programu yake ya michoro jongefu, After Effects, toleo la CS4, na tangu hapo fremu ya PAL ikionyeshwa kwa pikseli za mraba huwa 788 kwa 576 mahali pa 768 kwa 576.

Tofauti ni asilimia mbili na kidogo, na huenda ikaonekana ni ya kubishania vijiweni tu. Lakini anayefungua mradi wa zamani uliopangwa kwa 1.07 na kuuingiza katika mradi mpya wa 1.09 ataona nembo ya duara imepungukiwa au kuzidiwa, na ukanda uliofika ukingoni sasa umeacha ufa mwembamba pembeni. Dawa ni kuchagua kanuni moja kwa mradi mzima, kisha kuchora duara kamili katika tabaka la majaribio na kulipima kwenye kioo chenyewe, kwa rula, kwa upana na kwa kimo.

Ugeuzaji ufanyike wapi: kwenye faili lililokamilika au kwenye mradi wa asili?

Kwenye mradi wa asili, kila unapopatikana. Picha ya kamera ni bapa. Aliyesimama ukingoni hawezi kusogezwa ndani. Mchoro una matabaka: mandhari nyuma, umbo juu yake, nembo, kivuli, maandishi, na kila tabaka linaweza kupewa mahali papya bila kuyagusa mengine. Kwa hiyo fundi hufungua fremu mpya ya 4:3, huleta mandhari kwa asilimia 53.3 ya ukubwa wake ili kimo cha 1080 kiwe 576, huiacha ikatwe pande kwa kuwa mandhari haina cha kupoteza, kisha hurudisha nembo na maandishi ndani ya fremu kimoja kimoja. Maneno mafupi huachwa katika mstari mmoja; jina refu na cheo chake hugawanywa katika mistari miwili. Pale ambapo mchoro lazima uonekane kwa upana wote, kama ramani ya nchi, mikanda myeusi si ya lazima, kwa maana mistari ile 72 ya juu na chini inaweza kujazwa na mwendelezo wa mandhari yenyewe, jambo ambalo mpiga picha hawezi hata kuliota.

Kinachosahaulika zaidi ni muda. Tuseme umbo linaingia kutoka ukingo wa kushoto kwa kasi ya pikseli 40 kwa fremu, na sauti ya mvumo imewekwa ianze linapochomoza. Pande zikikatwa, pikseli 240 za mwanzo hazionekani, umbo huchelewa fremu sita, na kwa fremu 25 za PAL kwa sekunde hiyo ni karibu robo ya sekunde ambayo sauti inasikika na kioo kiko kitupu. Sikio hulitambua kosa hilo kabla jicho halijajua limekosa nini. Katika mradi wa asili hurekebishwa kwa kusogeza alama moja ya mwendo. Katika faili lililokamilika halirekebishiki ila kwa kuihamisha sauti, ambayo huenda imeshachanganywa na muziki.

Vilevile maandishi ya habari yanayotambaa chini ya kioo hupata njia fupi zaidi. Yakiachiwa kasi ileile, kila neno hukaa kiooni muda mfupi kuliko lilivyokaa katika skrini pana, kwa hiyo kasi haina budi kupunguzwa na mzunguko mzima wa habari kurefushwa.

Kwa nini mistari myembamba iliyotulia kwenye kompyuta hutetemeka kwenye runinga?

Kwa sababu runinga ya PAL haioneshi fremu nzima kwa mpigo. Kila fremu hugawanywa katika nusu mbili, moja ya mistari ya namba witiri na nyingine ya namba shufwa, na nusu hizo hupishana mara 50 kwa sekunde. Mstari wa mlalo wenye unene wa pikseli moja huwamo katika nusu moja tu, kwa hiyo huwaka na kuzimika mara 25 kwa sekunde, na jicho huuona ukitetemeka. Mstari wa pikseli mbili katika ubora wa juu, ukipunguzwa hadi ubora wa kawaida, huwa na unene wa mstari mmoja hivi na kuingia katika tatizo hilohilo. Kinga ni kuunenepesha hadi mistari miwili au mitatu, kuepuka herufi ndogo zenye vijimkia vyembamba, na kuongeza ukungu mwepesi wa wima usiozidi pikseli moja. Kwenye kompyuta ukungu huo huonekana kama uharibifu. Kwenye kioo cha chogo huonekana kama usafi.

Majina ya watengenezaji yanayopanda mwishoni mwa kipindi yana masharti yake. Hutulia pale yanapopanda kwa idadi kamili ya mistari kwa kila nusu-fremu, yaani mistari miwili, minne au sita kwa fremu. Kasi ya mistari minne kwa fremu katika ubora wa juu, ikipunguzwa pamoja na picha, huwa 2.13, na herufi huanza kucheza. Ikirudishwa kwa mkono hadi mbili, hutulia.

Mpangilio wa nusu hizo pia una kanuni. Picha ya ubora wa juu na ile ya PAL ya kawaida huanza na nusu ya juu, ilhali kanda za DV huanza na ya chini, na kukosea hapa hufanya kila kitu kinachotembea kirukeruke mbele na nyuma. Faili lililokwisha kugawanywa nusu-nusu lisipunguzwe kimo bila kwanza kuunganishwa kuwa fremu nzima, la sivyo nusu mbili huchanganyika na kingo hupata meno kama ya kitana.

Rangi nazo hubadilika?

Hubadilika zikiachwa zijiendeshe. Ubora wa kawaida hufuata BT.601 na ubora wa juu hufuata BT.709, na kanuni hizi hazikubaliani kuhusu mchango wa kila rangi katika mwanga wa picha: kijani huchangia 0.587 katika ya kwanza na 0.7152 katika ya pili. Faili lililoandikwa kwa kanuni moja na kusomwa kwa nyingine hugeuza kijani na nyekundu, na rangi za bendera au za nembo ya shirika huwa za kwanza kulalamikiwa. Nyekundu iliyokolea ina tatizo la pili, kwa kuwa waya wa njano hubeba rangi na mwanga kwa pamoja na kuipa rangi nafasi finyu, kwa hiyo kingo za ukanda mwekundu huvuja. Kuupunguza ukolezo kidogo hutosha.

Maandishi yawe mbali kiasi gani na ukingo?

Eneo salama ni sehemu ya picha ambayo haitarajiwi kufunikwa na fremu ya plastiki ya runinga wala kupotea nje ya kioo. Kanuni ya zamani iliweka maandishi ndani ya asilimia 80 ya upana na ya kimo, na matendo muhimu ndani ya asilimia 90. Kanuni mpya za SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na runinga, za mwaka 2009, zimelegeza hadi asilimia 90 kwa maandishi na 93 kwa matendo, kwa kuwa runinga bapa hazifichi kingo kama zile za awali. Kwa toleo linalokwenda kwenye runinga za chogo, kulegeza huko hakufai. Vioo vyake vimezeeka, picha imesogea au kuvimba, na asilimia 80 ndiyo inayostahili kufuatwa. Mchoraji anayetaka toleo moja la skrini pana listahimili kukatwa aweke maandishi yake kati ya pikseli ya 384 na ya 1536, ambayo ni asilimia 80 ya zile 1440 za katikati. Ni nafasi finyu, na muundo unaobanwa humo kwenye skrini pana huonekana umejikunyata katikati, na ndiyo sababu matoleo mawili, kila moja na mpangilio wake, ni bora kuliko moja linalojaribu kuwaridhisha wote.

King'amuzi huamuaje picha ikatwe au iwekewe mikanda?

Kwanza husoma taarifa iliyo ndani ya mawimbi inayotaja umbo la fremu; pili, kikiweza, husoma msimbo wa biti nne unaoeleza ni sehemu gani ya fremu yenye picha halisi, na ni umbo gani mtengenezaji amelilinda kwa ajili ya ukato; tatu, hufuata chaguo la mtumiaji katika menyu, ambalo aghalabu liliwekwa siku ya kufunga dishi au antena na halijaguswa tena. Msimbo ukikosekana au ukidanganya, makosa hurundikana. Kosa linaloonekana sana ni la picha ya 16:9 iliyowekewa mikanda ndani ya 4:3, kisha fremu hiyo ikaongezewa mikanda ya pembeni ili iingie tena katika 16:9: robo tatu ya kimo na robo tatu ya upana, yaani asilimia 56 tu ya kioo, huku weusi ukiizunguka picha pande zote nne.

Kazi ikaguliwe vipi kabla ya kukabidhiwa?

Kwenye runinga halisi ya chogo, iliyounganishwa kwa waya wa njano, kwa sababu kioo cha kompyuta hakioneshi mtetemo, uvujaji wa rangi wala kingo zilizofichika. Mkaguzi aketi umbali ambao familia huketi, asome kila neno mara moja bila kusogea, kisha abadilishe menyu ya king'amuzi kutoka mikanda hadi ukato na kurudia. Duara la majaribio lipimwe tena kwa kila chaguo. Kanda au faili liandikiwe wazi umbo, mpangilio wa nusu-fremu na kanuni ya rangi, kwa kuwa atakayelipokea huko kwenye chumba cha kurushia matangazo hana njia nyingine ya kujua lililokusudiwa.